Uso wa Kuondoka Nao

Tulitoka kununua dawa ya macho. Hilo tu. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya maghorofa, maduka yanawasha taa moja moja, na dada yangu amenishika mkono juu ya kiwiko, kama alivyozoea kunishika tangu macho yake yalipoanza kumkimbia.

"Kijiti, usinikokote," akasema. "Mimi si gunia."

Kijiti ni mimi. Alinipa jina hilo nikiwa mtoto mwembamba, na halikunitoka hata nilipoota ndevu.

Dada ni fundi cherehani. Kwa miaka mingi alitia uzi kwenye sindano bila hata kuangalia, huku anaongea, huku anacheka, huku anagombana na wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka gauni jana. Kisha ikaja siku uzi ukapita pembeni ya tundu. Akauramba ncha, akajaribu tena. Ukapita pembeni. Akajaribu tena… mwisho akaniita. Nikautia. Hatukusema kitu. Daktari ndiye aliyekuja kusema: macho yanakufa polepole, na kilichobaki ni matone ya kupunguza maumivu. Wakati huo alikuwa anaona ukungu mtupu, isipokuwa kitu akikileta karibu kabisa na pua.

Mama alilia. Dada hakulia. Alisema anataka kwenda mji mkubwa, kwenye majumba ya makumbusho na ya sanaa, akachague kitu kimoja cha mwisho cha kutazama.

"Sura zenu ninazo," alituambia mimi na mama. "Mmenichosha kwa kuwaona. Nataka uso mwingine, uliochorwa vizuri, wa kuondoka nao. Nikikaa gizani niwe na mgeni wa kuzungumza naye."

Basi tukaenda. Tulikuwa na siku mbili, na mji ule una majumba mengi kuliko miguu ya mtu. Tukabishana njiani, tukabishana chumbani kwenye nyumba ya wageni, ramani imetandazwa kitandani. Mimi nilitaka jumba kubwa, lile la nguzo na foleni. Tukaanza nalo. Mitungi, mapanga, mifupa ya mnyama mkubwa kama nyumba.

"Mifupa nitaipapasa hata nikiwa kipofu," akasema. "Twende zetu."

Tukaenda jumba la sanaa za kisasa, lote kioo. Tukasimama mbele ya picha iliyopakwa rangi nyeusi tupu, kona hadi kona. Nikamsomea maelezo marefu yaliyobandikwa ukutani. Dada akaisogelea ile picha, akaikagua kwa makini.

"Hii naisubiri nyumbani," akasema.

Tulicheka mpaka tukaombwa kupunguza sauti.

Shida yetu ilikuwa kusogea. Kila jumba lina kamba mbele ya picha na mlinzi kwenye kiti, na kila mlinzi anasema usisogee. Lakini dada asiposogea haoni. Kwa hiyo tukabuni mchezo. Mimi namwendea mlinzi, namuuliza choo kiko wapi, akinielekeza sielewi, akirudia sielewi tena. Dada anapita chini ya kamba, anapeleka uso wake kwenye uso wa picha, anakunywa anachoweza kunywa. Kila akirudi, alitikisa kichwa.

"Siye huyu."

Wala hakuwa yule. Na kesho yake asubuhi basi letu lilikuwa linaondoka.

Ndiyo maana jioni ile, tulipotoka duka la dawa na kichupa chetu mfukoni, aliponibana mkono na kusimama, sikushangaa sana.

"Hapa pana nini? Nasikia harufu ya rangi."

Palikuwa na nyumba nyembamba, imebanwa kati ya duka la taa na ofisi iliyofungwa. Kibao kidogo mlangoni kilisema ilikuwa nyumba ya mchoraji, sasa ni jumba la sanaa, karibuni. Kwenye ramani yetu haikuwepo. Nikamwambia miguu inaniuma, tumechagua vya kutosha.

"Wewe umechagua," akasema. "Mimi bado."

Chini hapakuwa na mtu. Tukapanda ngazi za mbao, na kila ngazi ikalia. Harufu ikazidi. Mafuta, rangi mbichi, kama kuna mtu anayepaka sasa hivi…

Juu kulikuwa na chumba kimoja. Dirisha moja. Picha moja. Mlinzi mmoja.

Mlinzi alikuwa mzee, koti lake la kazi limepauka mabegani. Alikaa kwenye kiti chake akiwa ameukabili ukuta mtupu.

Picha alikuwa ameipa mgongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. "Tazameni mkiwa hapo hapo mlangoni. Kisha mshuke."

Nikaitazama. Mwanamke amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. Dirisha lilikuwa hili hili la chumba tulichosimama. Mikono ilichorwa mpaka mishipa, mpaka weupe wa kucha. Shingo ungesema inameza mate. Lakini penye macho… palikuwa na madoa mawili ya kijivu, kama mtu amepitisha kidole chenye vumbi.

"Dada, hii haikumalizika. Haina macho."

"Ngoja nione."

Safari hii sikuhitaji kuuliza choo kiko wapi. Mlinzi hakuwa anatuangalia. Dada akauachia mkono wangu, akaipapasa kamba, akainama, akapita.

"Asisogee," mlinzi akanong'ona, uso ukutani.

Nikatabasamu. Neno hilo tulishaambiwa siku nzima.

"Kijana. Mwambie asisogee."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Tabasamu likanikauka mdomoni.

"Dada…"

Alikuwa ameshafika. Pua yake nusura iguse turubai. Hakutikisika. Nje magari yalikuwa yanapita, nakumbuka vizuri, halafu sikuyasikia tena. Nilisikia kitu kingine. Kitu kizito, kama tone la rangi, kinachodondoka sakafuni.

Tup.

Kimya.

Tup.

"Dada, twende."

"Anayo," akasema taratibu. "Kijiti, anayo macho."

Nikaruka kamba, nikamshika bega, nikamvuta. Alikuja mwepesi, kama nguo inayoanuliwa. Nikamkumbatia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mdomo unacheka.

"Naona!" akasema. "Naona mlango! Naona mgongo wa mzee, koti limechanika kwapani! Naona ufa ule juu ya dari! Nakuona wewe, Kijiti…"

Nikalia. Nililia bila aibu, mbele ya mzee yule, nikijua mama naye atalia hivyo hivyo nikimpigia simu.

Kisha kicheko cha dada kikakatika.

"Huyo uliyemkumbatia ni nani?"

Sikumwelewa. Nikamwambia ni wewe, dada, ni wewe. Akanyanyua mkono wake, akaupunga pembeni kama anayeujaribu, na mwili wote ukamwishia nguvu mikononi mwangu.

Nilimshusha zile ngazi nikimbeba nusu. Kila ngazi alikanyaga hewa. Barabarani akanikamata shati.

"Tuko wapi?"

"Tumeshatoka. Tuko nje."

"Usinitanie. Naona chumba kile kile. Mzee ananyanyuka… anarudi kinyumenyume mpaka kwenye swichi…" Vidole vyake vikanichoma ubavuni. "Amezima. Giza, Kijiti. Giza!"

Lakini macho yaliyokuwa usoni mwake hayakuwa gizani. Yalikuwa yanafuata taa za magari. Hii, na hii, na hii. Kwa uchu. Kama mtu aliyefunguliwa mlango baada ya miaka.

*

Nyumbani daktari alimulika macho yale kwa tochi yake ndogo, yakafuata tochi kushoto, yakafuata kulia.

"Haya ni mazima kuliko yangu," akasema.

Dada akanyanyuka, akajigonga kwenye meza ya daktari.

Akaandikiwa vidonge vya usingizi.

Basi tukawa tunaishi hivyo. Asubuhi, jumba lile likifunguliwa, dada anakaa sebuleni na kutuhadithia watu wanaokuja kusimama mbele yake. Mmoja anapiga miayo. Mmoja amekuja na mchumba, hawaongei. Siku moja alicheka sana. "Nimemsoma midomo huyu, anamwambia mwenzake eti nilichorwa na mlevi!" Dada yangu ni huyo, na jumba likifungwa ni huyo huyo anayenyamaza, ananishika mkono, ananiuliza kwa sauti ndogo:

"Macho yangu yanaangalia nini sasa?"

Nilimdanganya. Nilisema yanaangalia dirisha. Hayakuwa yanaangalia dirisha. Yalikuwa yanaangalia mlango, na funguo juu ya msumari, na mikono ya mama inapokata mboga. Yalikuwa yanajifunza nyumba.

Kwenye mto wake pakaanza kunuka rangi mbichi.

Alasiri moja nilimkuta kwenye cherehani yake. Sindano imetiwa uzi, umenyooka, safi.

"Umeutia mwenyewe?" nikauliza, moyo ukiruka kwa furaha.

"Uzi gani?" akasema.

Mama ndiye aliyenisukuma. Alinivuta jikoni, akafunga mlango, akanong'ona. "Mwanangu ananipenda, hilo najua. Lakini siku hizi ananitazama… ananitazama kama fundi anayemkadiria mtu nguo. Sina raha, baba. Rudi huko mlikokwenda."

Nikarudi, peke yangu.

Mzee alikuwa pale pale, uso ukutani. Alizijua hatua zangu kwenye ngazi, au aliijua harufu ya hofu yangu, sijui.

"Ungekuja naye," akasema.

"Mzee, yule ni nani?"

Akakivuta kiti chake karibu zaidi na ukuta.

"Mke wa mchoraji. Mimi sikumkuta. Nimehadithiwa na aliyeniachia kiti hiki, na yeye alihadithiwa. Mume alitaka picha iliyo hai kweli. Akaenda kwa mtu… watu wa namna hiyo hawakosekani mahali popote. Akaambiwa macho usiyapake. Yahamishe." Akajifuta mdomo kwa mkono. "Mke akaishi kipofu humu humu ndani. Alichokiona kwa macho yale ya pichani, maisha yake yote yaliyobaki, ni yeye mwenyewe, amekaa kwenye kile kiti, anazeeka. Alipokufa, macho ya pichani yakafutika. Lakini mwenyewe hakwenda popote."

"Anataka nini?"

"Kutoka. Ameanza na macho."

"Ameanza?"

Akasema tu: "Mlete. Uso kwa uso, kama mwanzo. Wahi, kabla hajaizoea mikono."

Nikaukumbuka ule uzi.

Nikainua kichwa. Nilikuwa nimejizuia tangu nilipoingia, sasa nikashindwa. Madoa ya kijivu hayakuwepo. Yule mwanamke alikuwa na macho, na macho yenyewe niliyajua. Kile kidoa cha kahawia karibu na mboni ya kushoto nilikijua tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni na mwenye macho hayo, nikigeuziwa uso na kuchekeshwa.

Nikatoa simu, nikapiga nyumbani. Mama akapokea, akaweka sauti kubwa ili dada naye asikie.

"Kijiti," dada akasema kabla sijasalimia, "kola yako imepinda."

Macho ya pichani yalikuwa shingoni mwangu. Nikainyoosha kola.

"Dada, nimeshajua la kufanya. Nakuja kukuchukua usiku huu huu. Tunarudi hapa pamoja, unasogea tena, basi. Inakwisha."

"Njoo upesi," akasema. Kisha, kwa ule utani wake, sauti ikikwaruza: "Nimechoka kutazamwa na watu wasiojua kushona hata kifungo."

Nilitaka kucheka. Mama akaingilia, kwa mnong'ono, mdomo karibu na simu.

"Mwambie dada yako aache kunikazia macho. Nimehama kiti. Nimehamia mlangoni. Yananifuata."

"Dada," nikasema, "hebu fumba macho kidogo, mama apumzike."

"Haya. Nimefumba."

Mbele yangu, ndani ya fremu, kope za yule mwanamke zilishuka. Polepole… polepole… zikafunga.

Mzee alisikia pumzi yangu ikikatika. Akainama kwenye kiti chake, akaziba masikio.

"Mama?" nikanong'ona. "Amefumba?"

Nilisikia anavyohema. Nilisikia saa ya ukutani ya nyumbani kwetu.

"Bado ananitazama," mama akasema.

Halafu kiti kikasukumwa nyuma, miguu yake ikikwaruza sakafu, na nyuma ya mkwaruzo ule ikaja sauti ya dada yangu, ndogo, ya mtu anayeamshwa mahali asipopajua.

"Kijiti… mbona nimesimama?"