Zamu ya Mbele Chini ya Kasri

Mnyororo uliokuwa ukilia nyuma ya Ghislain ulikuwa mkavu, na jambo hilo lilimuudhi kabla halijamtisha. Katika klabu yetu ya baiskeli mtu anaweza kuja na pumzi ya bia ya jana, anaweza kuja na kitambi kama changu, na tukamvumilia. Mnyororo mkavu hatuuvumilii.

"Maryse," alisema bila kugeuka, "mafuta yanauzwa, mke wangu. Au unangoja nikuletee Krismasi?"

Kwii, kwii, kwii, mnyororo uliendelea.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, asubuhi, ukungu umeulalia mto Semois. Tulitoka wanne: Ghislain, fundi wa mitambo kwenye machimbo ya mawe, mkewe Maryse, mwenye bucha pale kijijini, mzee Lambert, mwenyekiti wetu, na mimi, ambaye kazi yangu klabuni ni kufika wa mwisho ili wengine wasione aibu. Kwenye kilima cha kwanza Maryse alimchokoza mumewe: "Panda basi, baba! Nguruwe niliyemchinja jana alikuwa na mapaja yenye nguvu kuliko hayo!" Ghislain akasimama juu ya pedali, akatuacha tunacheka. Lambert peke yake hakucheka. Alimpigia kelele, "Kumbuka kiwiko, chini ya kasri!" na Ghislain akainua mkono kuonyesha amesikia.

Anayeendesha mbele hukata upepo, wa nyuma hujificha mgongoni mwake, na wa mbele akichoka hutikisa kiwiko: pita, zamu yako. Ndivyo tunavyoendesha kila mahali, isipokuwa pale barabara inapoingia msituni chini ya kasri bovu la Rochaumont. Pale hakuna kupeana zamu. Aliyeingia mbele anatoka mbele, hata mapafu yakimtokea puani. Lambert alilikuta katazo hilo kwa waliomtangulia, nasi tukalipokea bila kuuliza, kama mtu anavyopokea kilema cha ukoo.

Ghislain alilijua katazo. Kiwiko chake hakikulijua. Miaka ishirini na mitano ya Jumapili kilikuwa kikifanya kazi hiyo chenyewe, na alipofika katikati ya ile misonobari, kifua kinawaka, na nyuma yake yule wa mnyororo mkavu amejibanza anafaidi upepo wa bure, kilitikisika kabla kichwa hakijapata habari.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Mbwa aliyelowa. Chuma. Damu ya jana. Mume wa mwenye bucha anaijua damu ya jana.

"Maryse?"

Aliyempita hakuwa Maryse. Alipita taratibu, upande wa kushoto, amevaa sufu nyeusi iliyotiririka maji, shingo ndefu imeinama mbele kiasi kwamba kichwa hakikuonekana, na magoti yake yalikunjika kwa nyuma, kama ya farasi. Juu ya pedali hapakuwa na viatu. Palikuwa na kwato, zimepasuka katikati, zimebana chuma kama koleo.

Ghislain alitaka kupiga kelele, alitaka kushika breki, na huenda angeweza, kama lile jini lisingeingia mbele yake likakaa, na upepo ukakatika. Ulikatika wote, kama mlango uliofungwa, na kile kimya kilichokuja kilikuwa kitamu, vuguvugu, miguu ikawa myepesi, na barabara ikaanza kukimbia chini yake kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona hata akiteremka, matawi yakimchana mashavu, tawi moja likimpasua sikio mpaka likaning'inia, damu ikirukia bega lake mwenyewe, naye haoni maumivu, haoni chochote ila ule mgongo wa sufu uliokuwa ukimvuta kuelekea njia ya kasri, ile njia inayopinda na kupinda kupanda mlima hadi uani, mahali ukuta ulipobomoka na chini yake kuna mwamba, na chini ya mwamba kuna mto.

Sisi tulifika kwenye njia panda tukaona damu juu ya majani makavu. Kipande cha helmeti yake kilikuwa kimeng'ang'ania tawi.

"Ameanguka?" nikauliza.

"Angeanguka ningeshukuru," Lambert akasema kwa sauti ya chini. Alikuwa anatazama juu. Kati ya miti, kwenye kona ya kwanza ya njia ya kasri, Ghislain alikuwa anapanda mlima ule kama mtu anayeteremka. Mbele yake kulikuwa na kitu cheusi.

"Ghislain!" Maryse akaita. "We Ghislain!"

"Hasikii, mama," Lambert akamwambia. "Aliyekingwa upepo na huyo hasikii. Atamfuata mpaka ukutani, na ukuta haupo."

"Sasa anatolewaje?"

Lambert alijipangusa midomo. "Kwa kuvunjwa. Wa mwisho aliyetoka, ndugu yake alimpiga kwa gogo la mti. Mimi nilikuwa mtoto, nilisikia mifupa."

Maryse hakungoja hadithi iishe. Pembeni kuna njia ya wakata miti inayokwenda juu moja kwa moja, tope tupu, hata mbuzi angeomba msaada. Aliitupa baiskeli begani akaanza kuipanda mbio njia hiyo, kama wanavyokimbia watu wetu kwenye mashindano ya baiskeli ya matopeni wakati wa baridi, viatu vikizama, mkono mmoja ukishika mizizi. Lambert akamfuata. Mimi nilifuata kwa moyo, mwili ukaja baadaye.

Maryse alitokea kwenye kona ya mwisho, chini ya lango, na wakati huohuo wakatokea wao. Lile jini lilimpita karibu kiasi kwamba aliona manyoya mafupi kwenye shingo, yamelowa, na chini ya manyoya kitu kikipumua mahali ambapo mtu hapumulii. Kisha mumewe. Uso wake ulikuwa damu tupu, na alikuwa anatabasamu.

Maryse alirukia baiskeli, akakanyaga, akamfikia ubavuni. Kile kimya kikamgusa na yeye. Alisema baadaye ilikuwa kama kuingia jikoni kwa mama yako. Miguu yake ikaacha kuuma, akili ikaanza kusinzia, lango likapita juu ya vichwa vyao, mawe ya ua yakaanza kugonga magurudumu, na kule mbele, katikati ya ukuta, kulikuwa na anga jeupe lisilo na kitu.

"Toka mgongoni mwake!" alimfokea. Akamshika jezi.

Ghislain, ambaye hajawahi kuua hata nyigu, alimpiga kiwiko cha uso. Pua ya Maryse ilivunjika. Aliusikia mlio wake kwa ndani. Alimvuta tena. Ghislain akamng'ata mkono mpaka meno yakakutana na mfupa, akimwangalia bila kumjua, na tabasamu lilelile likiwa palepale. Maryse hakuuondoa mkono. Kwa mkono mwingine alichomoa pampu kwenye fremu, akainama, akaitumbukiza kwenye spoku za gurudumu la mbele la mumewe.

Gurudumu lilisimama. Ghislain hakusimama. Aliruka juu ya usukani, akageuka hewani, akatua kwenye mawe na mguu wa kulia chini yake, na mlio uliotoka hapo niliusikia mimi niliyekuwa bado natambaa kwenye tope. Maryse alianguka juu yake. Lile jini halikupunguza mwendo. Lilipita palipobomoka, likaingia katika anga, na tukasubiri kishindo cha maji kule chini. Hakikuja.

Nilipofika, Maryse alikuwa amemkalia mumewe mapaja. Mguu uliovunjika, mfupa umetoka nje ya soksi, ulikuwa bado unazunguka, unazunguka, kana kwamba pedali ipo.

"Acha!" alikuwa anamlilia, damu ya pua ikimdondokea mumewe kifuani. "Acha, mpenzi, umefika! Umefika!"

Ukaacha. Ghislain akafumbua macho, akasema, "Mnyororo wake mkavu," akazimia.

Hospitalini walimshona sikio, wakamfunga plasta kuanzia goti hadi vidole. Akarudi nyumbani, ghorofani juu ya bucha. Tulimpelekea bia na habari za mashindano, naye alicheka mahali pa kucheka. Tukaamini tumemrudisha.

Wiki ya tatu alianza kulalamika kwamba plasta inambana. Kisha ikaja harufu. Maryse alifungua madirisha, akabadilisha mashuka, akajiambia ni kidonda. Jumanne moja mchana, bucha limejaa wateja, sote tuliokuwamo ndani, mimi na Lambert pia, tulisikia kitu kigumu kikigonga sakafu ya juu. Ko. Ko. Ko. Maryse alifuta mikono, akapanda na msumeno wa mifupa kwenda kuipasua ile plasta.

Alishuka baada ya muda mfupi, mweupe kama karatasi ya kufungia nyama.

"Tumefunga," aliwaambia wateja. "Nendeni nyumbani." Alishusha pazia, akatutazama mimi na Lambert. "Nimekata miguu ya nguruwe tangu nina miaka kumi na sita. Naijua kwato."

"Imefika wapi?" Lambert akanong'ona.

"Kwenye kifundo. Asubuhi aliponiomba kahawa ilikuwa vidole tu, ameniambia mwenyewe. Analia. Anasema inataka kutoka, inataka barabara."

"Maryse, daktari..."

"Daktari atafika jioni. Jioni itakuwa kwenye paja." Akachukua shoka la nyama ukutani. "Mnishushie mume wangu."

Tulimshusha. Alikuwa mzito kuliko mtu mmoja. Tulimlaza kwenye gogo la kukatia, Lambert akamfunga tyubu ya baiskeli juu ya goti, akaikaza mpaka ngozi ikawa ya zambarau. Chini ya plasta iliyopasuliwa, ile kwato ilipiga teke, ikavunja kioo cha kabati la soseji. Mimi nilikalia goti. Kwa mara ya kwanza uzito wangu uliifaa klabu.

"Ghislain," Maryse alisema, "unanisikia?"

"Nakusikia."

"Wewe au yeye?"

Alifikiri. Machozi yalimshuka kuingia masikioni. "Bado mimi. Fanya haraka, mke wangu."

"Haya, ng'ata kitambaa."

Pigo la kwanza alipiga kelele yeye. La pili alipiga kelele kitu kingine, kwa kinywa chake, kama farasi anayechomwa, na vioo vilivyosalia vikapasuka vyote. La tatu halikutoa kelele yoyote. Kile kilichoanguka kwenye vumbi la mbao kilikuwa kimejaa maji ya mto.

Maryse alikitia kwenye tanuri la kukaushia nyama, akafunga mlango, akauegemea. Kisha akapiga magoti, akashika uso wa mumewe kwa mikono myekundu.

"Upepo," Ghislain alisema. Dirisha lililovunjika lilikuwa linampulizia baridi ya Novemba usoni, naye alikuwa anatetemeka, meno yakigongana. "Maryse, nasikia upepo."

"Ehe," akasema, akiivuta hewa kwa pua iliyopinda. "Nausikia na mimi. Lambert, ambulensi."