Viatu Juu ya Kabati

Ndugu zangu mnaoamka kabla ya jua kwenda kukimbia, na ninyi mnaobaki nyumbani mkiwasubiri, nisikilizeni. Haya yalitokea kwetu.

Mtaa wetu ulikuwa na asubuhi nzuri. Kabla magari hayajaanza kupiga honi, ungesikia vishindo vya miguu vikipita chini ya madirisha, na sauti ya kaka yangu mkubwa ikiwahimiza wenzake. Kaka alikuwa fundi wa majokofu, mtu mrefu mcheshi, na ndiye aliyeanzisha kikundi cha wakimbiaji. Hawakuwa wanariadha. Walikuwa wauza duka, makarani, mshonaji mmoja, watu waliochoshwa na vitambi vyao. Mama akivisikia vile vishindo alisema, "Wendawazimu wangu hao wanapita," kisha akacheka peke yake jikoni.

Halafu homa ikaingia nyumbani kama mgeni wa kupita, ikaondoka na kaka.

Baada ya mazishi wifi yangu, mjane wake, alirudi kwao na watoto. Vitu vya marehemu vikagawanywa. Juu ya kabati ikabaki jozi moja ya viatu vya kukimbilia, rangi ya bluu, imefunikwa gazeti. Hakuna aliyeigusa mpaka mdogo wetu alipoishusha.

Mdogo wetu ni kinyozi. Mtaani wanamwita Wembe, kwa ajili ya kazi yake na pia kwa ajili ya ulimi wake. Hakuwahi kukimbia hata kumfukuza kuku. Lakini siku ile alivipangusa vile viatu, akavivaa mbele ya Mama, akasema, "Mama, nyayo za kaka hazitafutika mtaani hapa. Nitakimbia mimi."

Mama alilia. Sote tulilia. Katika kilio kile, nani angeuliza kama vilimtosha?

Havikumtosha. Kaka alikuwa na mguu mkubwa, hivyo Wembe akajaza pamba mbele ya vidole. Tena soli zilikuwa zimelika upande wa ndani, kama kaka alivyokuwa akikanyaga. Ukiviweka sakafuni viliinamiana kama wazee wawili wanaonong'onezana jambo baya. Nilikuwa sipendi kuvitazama.

Mwanzoni muundi, ule mfupa wa mbele kati ya goti na kifundo, ulimuuma anapoanza kukimbia tu, kisha ukatulia akipata joto. Akafurahi, akidhani mwili unazoea. Kila wiki akajiongezea mwendo, maana kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kaka afariki ilikuwa inakaribia, na kikundi kilikuwa kimepanga mbio za kumkumbuka, Wembe akiwa mbele. Baadaye maumivu yakakataa kutulia. Yakamfuata mpaka kwenye kibanda chake cha kunyolea, akawa ananyoa watu akiwa amesimamia mguu mmoja.

"Wembe, umekuwa korongo?" mteja mmoja alimuuliza, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. "Shusha huo mguu, usije ukaniangukia na mashine."

"Nyamaza, nisije nikakuacha hivyo hivyo, nusu shamba nusu jangwa."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana. Niliona jasho kwenye paji la uso wake, na feni ilikuwa inazunguka juu yake.

Kwenye benchi alikuwepo karani mmoja, aliyeshika uongozi wa kikundi baada ya kaka. Tulimwita Kamanda. Akasema, "Mguu ni kama mtoto, mdogo wangu. Ukiubembeleza sana, unadeka."

Mke wa Wembe hakucheka. Alinishika mkono, na kesho yake tukampeleka hospitali, kwa mama anayetibu viungo. Yule mama alipitisha kidole kwenye muundi, polepole, kutoka juu kwenda chini. Alipofika mahali fulani Wembe aliruka.

"Ni hapa tu? Kidole kimoja kinatosha kupafunika?"

"Ndiyo, daktari."

Uso wake ukabadilika. "Maumivu yakitanda kwenye muundi wote, mara nyingi ni uchovu, na mapumziko yanasaidia. Haya ya mahali pamoja yananitia hofu. Mfupa unaweza kuwa umeanza ufa. Nenda ukapige picha ya eksirei, na usikimbie mpaka mimi niseme." Akachukua kiatu kimoja, akakikunja kwa mikono miwili. Kikajikunja kama kitambaa. "Hiki kilikufa zamani. Kilikuwa cha nani?"

"Cha marehemu kaka yangu."

"Pole. Basi tafuta vyako, baba. Vijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Utembee navyo dukani kabla hujavinunua. Kikibana leo kitabana kesho."

Njiani mke wake alimwomba, "Baba watoto, twende tukapige picha sasa hivi."

"Baada ya kumbukumbu. Mbio hizi moja tu."

"Na mguu ukikataa?"

"Utakataa mbele ya kaka?"

Picha hakupiga. Ndugu msomaji, mfupa haujui kumbukumbu. Hauna kaka wala dada.

Siku ile ilifika na mawingu mazito. Picha ya kaka iliwekwa mezani nje ya nyumba, viti vikapangwa, Mama akakaa mbele. Wembe alikuwa amefunga muundi kwa kitambaa chini ya soksi. Wifi aliwasili na watoto wakati wakimbiaji wanaondoka. Alikuwa ameinama kumwamkia Mama. Alipoinua uso, alishika kifua.

"Wifi, mbona shemeji amevaa viatu vile?"

"Ni vya marehemu. Anamkumbuka."

"Lakini vile marehemu alikuwa ameviacha! Alisema vimekwisha, vinamuumiza miguu. Aliniambia nivitupe, nikaviweka juu ya kabati nivivae nikiosha bafu. Alivyokuwa akikimbilia niliondoka navyo. Nimemwekea mwanangu, mguu wake ukikua."

Nilitoka mbio nikimwita Wembe. Walikuwa wamekwisha kata kona.

Tukangoja. Kisha wakarudi, na kwa mara ya kwanza sikusikia vishindo. Walikuwa wanatembea, wamembeba Wembe juu ya benchi la duka, uso wake umekuwa wa kijivu. Kamanda alikuwa analia waziwazi.

"Hakujikwaa, dada. Alikanyaga tu. Tulisikia mlio kama kijiti kikavu."

Mfupa ulitoboa ngozi. Alipasuliwa, kidonda kikatunga usaha, akapasuliwa tena. Leo mguu ule ni mfupi kuliko mwenzake, na hawezi kusimama muda wa kunyoa kichwa kimoja. Kiti chake kimekodishwa kwa mwingine. Mke wake anafua nguo za watu. Utani wa Wembe umekwisha. Akiulizwa hali hujibu "nzuri" na kutazama ukutani.

Hospitali ilipotukabidhi vile viatu, kimoja kikiwa kimepasuliwa kwa mkasi, Mama alivichukua, akavipeleka mwenyewe kwenye shimo la taka. Hakulia.

"Aliyekufa hakuhitaji viatu," alisema. "Aliye hai ndiye aliyehitaji mguu."

Funzo la hadithi hii

Kukimbia ni kuzuri, na simkatazi mtu. Lakini kiatu cha kukimbilia si urithi. Kimeshauzoea mguu wa mwenyewe, na soli ikiisha kimeisha, hata kama juu kinang'aa. Chagua kinachokutosha wewe. Ongeza mwendo kidogo kidogo, maana hata kiatu kizuri hakimlindi mwenye pupa. Muundi ukiuma, pumzika. Ukiuma mahali pamoja, ukauma hata umesimama, usingoje sherehe, usimsikilize anayekucheka. Nenda ukatibiwe.

Asubuhi wakimbiaji bado wanapita chini ya madirisha yetu. Mama akisikia vishindo huinuka, akafunga dirisha la chumba anacholala Wembe. Wafu wetu tuwakumbuke kwa moyo na kwa dua. Miguu tuwaachie walio hai.