Sponji ya Kiti cha Nyuma

Viti vitatu vilikubali rangi nyeusi, cha nne kikakataa.

Gari lilikuwa uani, milango yote wazi. Fundi alikuwa ameisugua ngozi ya viti kwa msasa laini na kuifuta kwa thina ili kuondoa mafuta, kama alivyozoea. Mwenye gari, mwanamume mpole asiyependa kuketi hata akikaribishwa, alitaka wekundu wote wa ndani uwe mweusi. Lakini kila kulipokucha, kiti cha nyuma upande wa kushoto kilikuwa kimetoa doa jekundu juu ya rangi mpya, pana juu na jembamba kiunoni, kama mgongo wa mtu aliyeegemea.

"Umeacha mafuta hapo, Baba Bonge," mkewe alisema, akinyonyesha mlangoni.

"Kwa nilivyokifuta, hata wewe ungekuwa umeshang'aa."

"Mimi nang'aa siku zote, macho yako ndiyo yamejaa rangi."

Fundi alicheka, akaamua kwamba kuna unyevu ndani. Akafumua mshono, akatoa sponji ya zamani, akaweka mpya. Siku hiyo hiyo kiti kikakubali rangi, kikapendeza kuliko vyote.

Sponji ya zamani ilikuwa nene na laini, na hakuna mke wa fundi viti anayetupa sponji. Aliianika juani, akaikata ikawa godoro la Bonge. Mabaki akayajaza kwenye kimto cha stuli ya mumewe, maana kila jioni alikuwa akilalamikia kiuno.

Bonge aliitwa hivyo kwa mashavu yake. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, na alikuwa mtoto wa kelele. Alipolazwa kwenye godoro jipya, alinyamaza. Mama alifurahi, akafua nguo zote bila kuitwa. Kesho yake mtoto alikataa ziwa. Akaanza kunuka ngozi iliyolowa, harufu ya gari lililofungwa juani, na hata alipoogeshwa harufu haikutoka.

"Hebu mpokee," mama alimwambia mumewe.

Fundi alimpokea kwa mkono mmoja kama kawaida yake, na mkono ukashuka.

"Si umesema hajanyonya tangu jana?"

"Hajanyonya."

"Mbona mzito hivi?"

Mama alikuwa akijiuliza swali hilo tangu asubuhi.

Adhuhuri, jua likiwaka na redio ya jirani ikiimba, alimlaza mtoto akageuka kuchukua khanga, na nyuma yake akasikia sponji ikishusha pumzi, ile sauti ya kiti kinapokaliwa polepole na mtu mzima, akageuka na kuona godoro limebonyea pembeni mwa mtoto, mahali pasipokuwa na kitu, likazidi kubonyea, na Bonge akaanza kuviringika taratibu kuelekea kwenye lile shimo, macho wazi, akimtazama mtu aliyekuwa juu yake. Mama alimshika kwapani akavuta. Mtoto hakunyanyuka.

"Niachie mwanangu," alinong'ona. "Nakuomba. Chochote kingine chukua, huyu niachie."

Fundi, aliyeingia na kuyaona hayo, alitoka mbio bila viatu, akarudi na mganga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Mganga aliishia kizingitini, akanusa.

"Nini kimetoka kwenye lile gari kikabaki humu?"

Mume na mke walitazamana, kisha wakalitazama godoro.

"Basi hamkumfukuza, mmemhamisha," mganga alisema. "Ana kiti chake. Mrudishieni kabla gari halijaondoka. Likiondoka bila yeye, atabaki na alichokipata."

"Mwenye gari yuko njiani," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Na kile kiti, mganga, nimeshakimaliza."

"Kichane," mkewe alisema.

Mganga alinong'ona maneno yake, na uzito ukalegea kiasi cha mama kumtoa mtoto na kumlaza sakafuni. Fundi alikuwa ameshapasua ngozi nyeusi kwa kisu na kuitoa sponji mpya. Mama akalibeba godoro kifuani, akipiga hatua fupi fupi hadi uani, na njia nzima kitu chenye joto kilikuwa kikimpumulia shingoni, kwa utulivu, kama mgonjwa anayepelekwa kulala, naye hakuthubutu kugeuza uso wala kulia, akalikunja ndani ya kiti, akaishikilia ngozi kwa mikono miwili huku mumewe akishona. Kabla uzi haujakatwa, doa jekundu likajitokeza juu ya rangi.

Ndani ya nyumba, Bonge akalia, kilio cha njaa, kikubwa. Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mwenye gari alipofika, alikitazama kiti.

"Nilidhani rangi itamfunika," alisema.

"Ulijua?" mama aliuliza. "Ulijua, ukatuletea?"

Mwanamume aliingia garini, akakigeuza kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kitazame paa, akaondoa gari.

Jioni Bonge alinyonya mpaka akapaliwa. Mama alicheka na kulia kwa pamoja, akatoka kumwita mumewe, aliyekuwa uani akipaka dashibodi ya gari jingine.

"Baba Bonge, njoo umwone mwanao anavyokula."

Fundi alikuwa ameketi kwenye stuli, ameipa nyumba mgongo. Brashi ilikuwa hewani, na rangi ilikuwa ikidondoka juu ya mguu wake, tone baada ya tone, naye hakuuondoa.

"Baba Bonge."

Mama alisogea. Harufu ya ngozi iliyolowa ikampokea. Kwenye mgongo wa shati la kazi, doa jekundu lilikuwa likichomoza, pana juu na jembamba kiunoni. Akamshika mabega amnyanyue, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na ndipo alipoona miguu ya stuli imezama ardhini hadi nusu, na juu yake, chini ya mumewe, kile kimto alichokijaza mabaki ya sponji.

Barabarani, vumbi la gari lilikuwa limeshatulia.