Nilimnyanyua Mdogo Wangu Nikidhani Namwokoa!

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mkazi wa Makorora hapa Tanga, baba wa watoto sita. Shule niliishia darasa la nne na sioni haya kulisema, maana waliofika chuo wengine nimewaajiri mimi! Nilianza na tenga moja la machungwa kichwani, nikiuza kwenye mabasi pale Muheza. Leo nina malori mawili, pikapu, nyumba ya vigae, na jina. Ukifika mtaani kwetu uliza tu "Ambulensi", utaletwa mpaka mlangoni.

Jina hilo ndilo linalonikosesha raha leo.

Siku hizi situlii. Nakaa, nasimama, natoka uani, narudi ndani. Mke wangu ananiuliza, "Baba Zuhura, umeingiwa na siafu?" Nimjibu nini? Ndiyo maana nimeona niwaeleze ninyi wasomaji wenzangu, labda nikishaitoa kifuani nitapumua...

Nina mdogo wangu mmoja tu wa tumbo moja, Rajabu. Baba alipofariki nilimlea mimi, na nilipopata lori la kwanza nikampa kazi ya kusimamia upakiaji. Hakuna aliyejua kupanga machungwa kama yeye. Unaweza kufunga breki mpaka matairi yalie, chungwa halidondoki!

Siku ya mkasa tulikuwa shambani, vijijini huko mbele ya Muheza. Lori limejaa, Rajabu yuko juu kabisa anafunga turubai. Akajiegemeza nyuma kuvuta kamba kwa nguvu... kamba ikakatika! Nilimwona akija chini kwa mgongo. Akaangukia udongo mgumu, pu! Mguu mmoja ulibaki na kandambili, wa pili ukawa mtupu.

Sasa nisikilizeni hapa.

Kwetu mtu akianguka haachwi chini. Nimekua nikiona hivyo. Anainuliwa upesi, anakalishwa, anatembezwa hata kama analia, ati damu isimvilie ndani. Ukimwacha amelala, watu watasema umemsusa. Basi wapakiaji wote wakanitazama mimi. Bosi ni mimi, kaka ni mimi... nani mwingine wa kutoa amri?

Rajabu akasema taratibu, "Kaka, niacheni kwanza. Niacheni nilale."

"Ulale umekuwa maiti?" nikamjibu. "Simama, mwanaume wewe!"

Nikamtia mikono kwapani nikamwinua mwenyewe. Nina nguvu mimi, nimebeba magunia tangu sijaota ndevu! Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Tukamtembeza, mimi huku, mpakiaji mmoja kule, miguu ikiburuzika. Tukamkunja, tukamkalisha kiti cha mbele cha pikapu yangu, tukambana katikati yetu, kichwa kikimwangukia begani kwangu. Nikawasha taa, nikashika honi. Makorongo yale niliyaruka! Hospitali ya Muheza niliipita kama siioni, nikasema mdogo wangu atatibiwa mjini. Nilipofika geti la hospitali nilimwambia mlinzi, tena kwa sauti, "Ambulensi yenu ingekuwa bado inatafuta ufunguo!"

Roho ilipona. Miguu haikupona. Madaktari walisema uti wa mgongo umeumia, kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari tena.

Nililia, wallahi. Lakini ndani ya kilio kile nilijiona shujaa. Nikamnunulia kiti cha magurudumu, nikampa chumba cha mbele, nikavunja ngazi za barazani nikaweka mteremko. Kila jioni nilikuwa namsukuma mpaka kijiwe cha kahawa, na nikishapewa kikombe nasimulia. Honi, makorongo, taa, mlinzi! "Ningechelewa kidogo tu, huyu tungemzika!" Watu wanaguna, wanatikisa vichwa. Ndipo wakanipachika hilo jina la Ambulensi.

Na mimi nikalivaa! Mkwezi kaanguka mnazini Chumbageni, naitwa. Bibi wa jirani kateleza bafuni, naitwa. Nafika, nainua, nakunja, napakia. Honi!

Na Rajabu je? Rajabu alikuwa anakaa kwenye kiti chake, anakunywa kahawa, anasikiliza. Hachangii neno. Mimi nilidhani ni shukrani...

Basi hivi karibuni akaja binti mmoja mtafiti, anaitwa Penina. Akaamkia vizuri, "Shikamoo baba," nikaitikia. Akanieleza kuwa yeye na wenzake wanawafuatilia watu walioumia wakapelekwa hospitali: nani alikushika wa kwanza, alikubebaje, ulipanda nini, na leo ukoje. Wanataka kujua yale yanayofanyika kabla ya daktari kukuona yanaokoa au yanaharibu.

Moyo wangu ukafurika! Nikasema hatimaye nimefikiwa, naandikwa. Siku aliyopanga kurudi nikavaa kanzu mpya, nikaagiza haluwa na kahawa, nikaalika wazee wa kijiweni waje wasikie.

Penina alipoona baraza imejaa akasita. "Baba, samahani. Ningependa nizungumze na Rajabu peke yake."

"Huyu hana siri kwangu," nikamwambia. "Uliza."

Akamgeukia Rajabu. Rajabu akasema, "Waache wakae, dada. Wasikie."

Nikatabasamu. Mjinga mimi!

Swali la kwanza nikajibu mimi. La pili nikajibu mimi, na ile habari ya mlinzi nikaiweka humo humo. Wazee wakacheka, mmoja akasema, "Binti, hapo andika kwa wino mwekundu!" Penina akangoja tumalize kucheka, kisha akasema kwa upole, "Baba, naomba sasa ajibu mwenyewe." Akamuuliza Rajabu, "Ulipokuwa bado umelala pale chini, hujanyanyuliwa, miguu ulikuwa unaihisi?"

Rajabu aliweka kikombe chini. Hakunitazama.

"Nilikuwa naihisi," akasema. "Kandambili yangu moja ilikuwa imechomoka. Nilikuwa naitafuta kwa vidole."

"Vidole vya mguu?"

"Vya mguu. Niliigusa ukingo, nikawa naivuta nivae. Ndipo kaka akaniinua."

"Na ulipofika garini?"

"Garini sikuwa na miguu tena."

Jamani! Haluwa ilibaki kwenye sinia. Wazee wale wakaanza kukumbuka shughuli zao, mmoja mmoja, "Sisi tutapita baadaye, bwana..." Mpaka leo hawajapita.

Nilimfuata Penina mpaka nje. Nikamuuliza, "Mwanangu, niambie ukweli. Ni mimi?"

"Baba, siwezi kusema ni wewe, na siwezi kusema si wewe," akanijibu. "Huenda mfupa ulishavunjika alipotua, uti ukaharibika wakati wa kumwinua. Huenda miguu ingepooza hata kama angeachwa alale. Tunauliza watu wengi ili tujue kwa wengi. Kwa mtu mmoja, hatuwezi kurudi nyuma tukaona."

"Basi nani anajua? Mkubwa wako yuko wapi, nimfuate?"

Akanitazama kwa huruma. "Hata mkubwa wangu hajui, baba."

Mimi ni mtu wa kupata jibu! Kitu nikikitaka nakifuata mpaka kwa mwenyewe. Hili nilifuate kwa nani?

Nikaanza kuzunguka. Nikaenda Chumbageni kumtafuta yule mkwezi. Nikamkuta anapanda minazi kama kawaida, akanipigia kelele toka juu, "Ambulensi! Leo unakuja bila mgonjwa?" Nikashukuru Mungu, nikacheka naye. Nikaenda kwa yule bibi aliyeteleza bafuni. Nikaambiwa alizikwa, hakukaa sana baada ya siku ile. Mjukuu wake alinikaribisha chai, akanishukuru sana kwa kumwahisha bibi hospitali. Chai ile ilinikataa. Alikufa kwa kuteleza? Kwa uzee? Au kwa mikono hii? Nani ataniambia?

Nikarudi nyumbani nikamkabili Rajabu chumbani kwake. Nilikuwa na hasira, nakiri, kana kwamba mkosaji ni yeye.

"Umekaa na neno hilo muda wote huu unaninyamazia! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, kaka?" akasema. "Ulikuwa unasimulia."

Nilikaa kitandani kwake. Nilitaka kusema samahani, lakini neno hilo sina mazoea nalo. Rajabu akaendelea, "Sijui kama ni wewe. Na mimi nimejiuliza, nimechoka. Kuanguka nilianguka mwenyewe. Ila nilikuomba uniache nilale, na kila ukisimulia unaliruka hilo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mgongo."

Akaniambia anataka kuhamia kwenye nyumba yake mwenyewe, amechoka kuwa hadithi yangu. Kaka mtu nikakishika kiti chake nikalia kama mtoto. Nikasema, "Samahani." Nikarudia. Akasema, "Basi nisukume kijiweni. Leo nasimulia mimi."

Tukaenda. Akasimulia yote: turubai, kamba, kandambili. "Nikamwambia niacheni nilale, kaka akaniambia simama." Watu wakanigeukia. Nami nikasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Mtu akianguka kutoka juu, au akigongwa, msimkurupukie. Kama hayuko motoni, majini wala njiani pa magari, mwacheni alale, mmoja amshike kichwa kisigeuke, wengine watafute msaada wa wanaojua. Msaada usipopatikana kabisa, tafuteni ubao ulio bapa, mikono mingi, mgongo unyooke, mbebeni kama mnabeba kioo. Mbao za ubavu wa lori langu zilikuwa pale pale, hatua chache kutoka alipolala! Sikuziona, nilikuwa naiona mikono yangu. Na yeye mwenyewe akiwaambia niacheni... msikilizeni! Mwenye mwili ndiye anayejua panapouma.

Rajabu hajahama bado. Kila jioni namsukuma kijiweni, na akija mgeni anaulizwa ilikuwaje. Anasimulia yeye. Mimi nakaa kwenye benchi pembeni yake na kikombe changu. Miguu yake imetulia juu ya kiti, amevaa kandambili zote mbili.

Yangu, chini ya benchi, haitulii.