Mkono Kooni mwa Ng'ombe

Siku ya soko Gakoromone, mjini Meru, katikati ya wauza ndizi na mbwa waliofungwa kamba wakingoja sindano, mbwa mmoja mwekundu alichomoka akajificha chini ya gauni la Lydiah. Gauni hilo la manjano, lenye ukosi mweupe, alikuwa amelishona mwenyewe. Sasa lilijaa matope mpaka magotini.

"Simama hivyo hivyo, dada," akasema kijana wa idara ya mifugo, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi ikasimama. "Nikikosea nitakudunga wewe."

"Ukinidunga utanilisha maisha yangu yote."

"Hiyo si adhabu."

Watu wakacheka. Kijana aliitwa Mutegi. Alimdunga mbwa, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, ndipo akampa Lydiah mkono.

"Unanawa hivyo kwani mbwa ni sumu?"

"Mate yake ndiyo yanaweza kuwa sumu," akasema. Akamweleza kwamba kichaa cha mbwa ni virusi, kitu kidogo kisichoonekana, kinachokaa kwenye mate. Mbwa akimuuma ng'ombe, ng'ombe anakipata. Mate ya ng'ombe yakiingia kwenye kidonda cha mtu, mtu anakipata pia, na kinapanda polepole na mishipa mpaka kwenye ubongo. "Ukiwahi sindano za tumboni, unapona. Ukishaanza kuogopa maji, watu wachimbe kaburi."

"Na kwetu Kibugu mtafika lini?"

"Kwa ajili yako, nitaanzia huko."

Lydiah alishona nguo kwenye baraza ya Hirsi, mfanyabiashara Msomali aliyekuwa na simu dukani. Mutegi alipopiga kutoka Embu, Hirsi alitoa kichwa nje: "Njoo, daktari wa mbwa analia."

"Umekula nini, mpenzi?"

"Mukimo."

"Ukila bila mimi unashiba?"

"Nashiba sana. Nalamba na sahani."

Siku moja Mutegi akasema kwenye simu kwa haraka, "Kibugu sikuingia. Nitakueleza tukionana." Lydiah hakujali. Baadaye alilijali sana neno hilo.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau wa msituni. Watu wa Kibugu walikuwa wamehamishwa mashambani mwao wakarundikwa kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na daraja la kuingilia, la kuinuliwa na kushushwa, lililindwa na homugadi, walinzi wa kienyeji wa serikali. Humo ndani ng'ombe wa baba yake Lydiah alianza kutoa mate na kuguna. Huko kwao kila mtu anajua dawa ya hilo: kiazi kimemkwama. Anaitwa mwenye mkono mrefu. Aliitwa Ndwiga, kaka yake Lydiah, kama alivyoitwa kila mara. Akakunja shati, akatia mkono kooni mpaka kwenye kwapa, akapapasa. Kiazi hakikuwapo. Meno yalimchubua vidole, akapangusa damu kwenye nyasi, akaenda kula.

Alikufa wiki kadhaa baadaye, amefungwa kitandani, akipigia kelele kikombe cha maji.

Lydiah alipata pasi ya ruhusa ya kwenda kuzika. Pale kaburini Mbaka, mkubwa wa homugadi, akamwambia, "Yule mtu wako wa sindano alifika darajani. Akasema hapa ni kwa Mau Mau, mbwa wenu na wafe. Akageuka."

Lydiah hakulia tena baada ya hapo. Alirudi Meru na jambo moja kichwani: Mutegi lazima aozee kizuizini. Akamtumia Mbaka habari kwamba kijana huyo hupeleka dawa kwa watu wa msituni. Kisha akampigia simu Mutegi kwa sauti laini kama siagi. "Njoo Jumamosi, roho yangu. Nimekukosa."

Jumamosi hiyo Mbaka alitangulia kufika barazani, koti refu la kijeshi begani. Askari wawili walisubiri ng'ambo ya barabara. Lydiah akamletea chai. Mkono uliopokea kikombe ulikuwa umefungwa kitambaa chenye damu kavu.

"Umeumia, mzee?"

"Mbwa wangu. Alishikwa na wazimu juzi, akanirarua mimi niliyemlea. Nikampiga risasi."

"Hakuwa amedungwa?"

"Adungwe na nani? Huyo kijana nilimfukuza mimi. Alisimama darajani akinisihi kama mwanamke. Nikamwambia hakuna sindano Kibugu mpaka watu wataje waliokula kiapo cha Mau Mau." Akanywa chai. "Kwani huu mkono ni kitu?"

Lydiah akautazama ule mkono. Akatabasamu.

"Si kitu, mzee. Utapona wenyewe."

Mutegi akaingia, viatu vinang'aa, leso mpya mkononi. Macho yake yaliangukia kitambaa kabla ya kumwangukia Lydiah.

"Mkono umepatwa na nini?" Alipoambiwa, akasema, "Mzee, nenda hospitali sasa hivi. Hicho ndicho kilichomuua Ndwiga."

Mbaka akacheka. "Mjanja. Unataka nikimbilie hospitali wewe ukimbilie msituni. Huyu binti amesema utapona wenyewe." Akamgeukia Lydiah. "Sema basi. Mwongo ni nani?"

Lydiah akawatazama wale askari ng'ambo ya barabara. Mutegi naye akawatazama, akaelewa, na uso wake ukabadilika.

"Lydiah," akamwita, chinichini.

"Mwongo ni mimi," akamwambia Mbaka. "Nilitaka ufe kama kaka yangu, ukilia mbele ya kikombe. Hata sasa nataka. Na hiyo habari ya dawa za msituni niliitunga mimi. Waambie askari wako hivyo, halafu ukimbie hospitali kabla sijajuta."

Mbaka aliinuka, kikombe kikaanguka. Alivuka barabara akipepesuka, akawapita askari bila kuwaona, wakamfuata.

"Uliniita nije nifungwe," Mutegi akasema.

"Ndiyo."

"Na ile sauti tamu ya simu?"

"Ilikuwa mtego. Ilinitoka vizuri kwa sababu haikuwa uongo wote."

Mutegi akakaa kwenye kigoda cha cherehani. Hirsi akachungulia, akajirudisha ndani.

"Nina hasira na wewe, Lydiah."

"Kaa nayo. Mimi nina yangu."

"Nikija Kibugu na mbuzi wa mahari, niongee na wazee wako, utanikubali na hasira zote mbili?"

Lydiah akaichukua leso, akaikunjua, akaitazama mishono yake kama fundi.

"Njoo. Lakini subiri Mbaka apone arudi kazini. Nataka atushushie daraja kwa mkono ule ule, na sisi tupite polepole."