Jani Lililokataliwa Mlangoni

Ijulikane kwa wote wenye masikio: Basilia, nuru ya shule ya bweni, amerudi kijijini kufuta ujinga. Tangazo hilo alilitoa yeye mwenyewe, mbele ya kuku watatu na mbwa aliyelala.

Mama yake, Hilaria, alikuwa shambani akitazama mimea yake ya koka. Majani yalikuwa yamekomaa, na mvua ilikuwa karibu.

Jirani yao Tomasa akabisha hodi. Alikunjua kitambaa chenye majani makavu ya koka, akayatoa kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu. Mpe mama."

Basilia akakunja uso kama mwalimu mkuu. "Nyumba hii haipokei dawa za kulevya."

Tomasa alimtazama. Akakunja kitambaa. "Haya. Nimesikia."

Basilia alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Mama aliporudi, Basilia hakumwambia kitu.

Siku ya kuchuma ikafika, lakini Tomasa na wanawake wenzake, waliozoea kusaidiana nao kuchuma, hawakuonekana. Mama na binti walichuma wawili tu, wakachelewa. Walipoanika majani uani, mvua ikayawahi. Yakawa meusi. Jasho la msimu mzima likaishia jalalani.

"Tomasa ana roho mbaya," Hilaria alimwambia Fermin, muuguzi wa zahanati, alipopita kunywa chai ya koka. "Hakuniletea hata jani moja."

Basilia akaharakisha kubadili mazungumzo. "Kaka Fermin, shuleni walisema koka ni dawa ya kulevya."

"Mahindi ni pombe?"

"Hapana. Ila pombe hutengenezwa kwa mahindi."

"Basi ndivyo ilivyo. Mjini wakisema koka, mara nyingi wanamaanisha ule unga mweupe unaotengenezwa kwa kemikali. Huo unamtia mtu uraibu, na unaua. Usiuguse kabisa. Sisi tukisema koka, tunamaanisha mmea huu, jani la kutafuna, chai hii. Tena jani likiletwa kwa mikono miwili ni ombi la kusaidiana. Ukilipokea, umekubali. Ukilikataa, umemfukuza mtu."

Basilia akaweka kikombe chini.

"Hilaria," Fermin aliendelea, "huenda naye anakungoja. Mpelekee jani wewe."

"Jua kali, mama," alisema Basilia. "Halafu kichwa kinaniuma."

"Kitapona njiani. Twende."

Mlangoni kwa Tomasa, Hilaria alitoa majani kwa mikono miwili. Tomasa alisita, kisha akachukua jani moja, akalitia mdomoni.

"Nimepokea. Sasa niambie, Hilaria. Siku ile nilipofukuzwa kwako, maneno yale yalikuwa yako?"

"Ulikuja kwangu lini?"

Wanawake wote wawili wakamgeukia Basilia. Safari hii alijibu bila sauti ya mwalimu mkuu.

"Yalikuwa yangu, shangazi. Mama hakujua. Nilidhani ninachekesha."

Mama hakumgombeza. Alikaa tu kwenye kizingiti, kama mtu aliyechoka ghafla.

Tomasa aliendelea kutafuna jani. "Mavuno yajayo nitakuja," alisema. "Haya, mwanangu, yamekwisha."