Kaka Yangu Alitaka Neno Moja Tu Kutoka Kwangu

Nina miaka hamsini na mitatu. Sina mume, sina mtoto, na kaka yangu wa pekee hanisalimii hata tukigongana mlangoni mwa kanisa. Nawaandikia kutoka Jabe, hapa Bujumbura, katika chumba ambacho hakuna mtu anayebisha hodi mlangoni pake. Lakini msinionee huruma kwanza... nisikilizeni!

Wakati wa vita nilikuwa bado kijana, mke wa Déo, seremala. Tulipanga chumba katika parseli moja ya wapangaji wengi: ua mmoja, robine moja ya maji kwa wote. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Jeanine.

Mimi na Jeanine tulisuka nywele pamoja sokoni. Kichwa kimoja tulikigawana, yeye kushoto, mimi kulia, na vidole vyetu vilipokutana utosini tulicheka mpaka mteja akalalamika. Yeye na mimi hatukuwa wa upande mmoja, kama watu walivyogawanyika siku zile. Wengine walianza kumkwepa. Mimi ningemkwepaje? Alikuwa pacha wangu!

Mimba yangu ilipoharibika, ni yeye aliyenifulia nguo, akanipikia uji, akanikanda mgongo. Déo alikaa naye uani akimpepelea imbabura, jiko la makaa, ili moto ushike. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mume na rafiki wenye moyo. Kumbe...!

Déo mwenyewe ndiye aliyeniambia, macho yakiwa chini. Jeanine ana mimba yake, na yeye anahamia kwake. Nilipiga ukelele. Mnajua alinijibu nini?

"Usilie kwa nguvu. Majirani watasikia."

Akavuka ua na mto wake kwapani. Wewe uliyewahi kusikia kicheko cha mume wako kikitoka katika mlango wa mwanamke mwingine, wewe ndiye utakayenielewa. Nilichota maji alfajiri ili nisikutane nao. Nilikula nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa ningeona kiti cha Déo kitupu.

Na hayo hayakutosha! Siku moja sokoni, mbele ya wanawake wote, Jeanine alisema Déo angefanya nini na mimi, wakati tumbo langu ni kaburi. Kaburi... yeye aliyeniosha damu! Wanawake walicheka. Nilikusanya vichana vyangu, nikaondoka bila kujua miguu inanipeleka wapi.

Kaka yangu Fabien alisikia. Alikuja kesho yake kutoka mtaa wa Gihosha, akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, we sema tu neno moja," akaniambia. "Uwaambie vijana wa mutaa, wale wa upande wetu, kwamba huyu mwanamuke anaficha watu wenye bunduki. Watakuja, na hautamuona tena."

"Lakini hafichi mutu..."

"Nani atauliza? Kila siku watu wanakufa."

Wasomaji wangu, siwadanganyi. Kwa mawazo nilimwona Jeanine amekufa, na moyo wangu ukapoa kama mtu aliyekunywa maji baridi. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Kwenye kikundi chetu cha wanawake kanisani alikuwapo mama mmoja, Mama Perpétue, mjane wa vita. Alizoea kutufundisha kwamba mtu akikukosea, usiguse mwili wake wala jina lake. Shika kosa lake, umwendee mchana, useme naye macho kwa macho, bila jeshi nyuma yako. Nilikuwa nikisinzia akifundisha hayo. Siku ile yalinirudia yote.

"Apana, Fabien," nikasema. "Ugomvi ni wangu. Nitaenda kusema naye mi mwenyewe."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Akasema mimi ni mwoga, nimewauza watu wangu kwa ajili ya mwanamke aliyenivua nguo hadharani. Akatoka.

Kabla sijapata ujasiri wa kuvuka ua, vijana walikuja. Kumbe Fabien alikuwa amelisema lile neno bila mimi! Ilikuwa asubuhi, Jeanine akichambua mboga za lengalenga mlangoni, tumbo lake limeshakuwa kubwa. Na Déo? Mume wangu, shujaa wa mapenzi, aliruka ukuta wa nyuma. Alimwacha pale pale!

Sijui nilipitaje ule ua. Nakumbuka tu kwamba nilikaa kizingitini pa Jeanine, bega langu likigusa lake.

"Ondoka hapo, mama," mmoja akasema. Nilimfahamu. Mama yake nilikuwa nikimsuka.

"Siondoki. Kama kuna mutu wa kumushitaki huyu, ni mi. Alininyanganya bwana, akanitukana sokoni. Hiyo ndiyo kesi yake yote. Hafichi mutu. Hata bwana mwenyewe ameshindwa kumuficha, ameruka ukuta!"

Mmoja alicheka, kisha wa pili. Yule niliyemfahamu hakucheka. Alinikazia macho muda mrefu, akatema mate chini, akawaambia wenzake twende.

Jeanine alianguka miguuni pangu akilia. Nilimwinua.

"Sikukaa hapa ili tuwe marafiki," nikamwambia. "Umeniumiza, Jeanine. Neno ulilosema juu ya tumbo langu, ulirudishe mbele ya wale wale waliolisikia."

Alikwenda, siku ile ile, na tumbo lake na aibu yake. Alisimama sokoni akasema amenisingizia, na kwamba yule aliyetukanwa naye ndiye aliyemwokoa. Kisha akavuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo, kwa mama yake.

Déo alirudi jioni, ati anauliza kama kuna chakula. Nilimpa sahani, akala uani. Alipoomba kuingia nilimwambia mlango huu si wake tena. Sikumtukana. Sikumfungulia pia.

Mnadhani nilipigiwa makofi? Thubutu! Ndugu zangu walisema nimemkinga adui. Wateja walipungua. Mama yetu alipofariki, Fabien alikaa upande wa pili wa jeneza, na tulipotupia udongo alingoja mpaka niondoke ndipo akasogea. Nimemtumia watu wa kutupatanisha, nimekwenda mwenyewe mpaka Gihosha nikasimama getini kwake. Hajafungua.

Vita vilipokwisha, Jeanine alikuja mara moja. Tulikula wali na ndagala, dagaa wa ziwani, tukakosa la kusema, tukalia, akaenda zake. Hatukurudi kuwa pacha. Vitu vingine vikivunjika, vimevunjika.

Basi wewe unayesoma hili ukiwa umesalitiwa, nakusihi: usiwape watu wenye hasira ugomvi wako! Hawataurudisha ukiwa na ukubwa ule ule. Nenda mwenyewe. Sema kinachokuuma, dai haki yako, kataa unachokataa, lakini mkono wako usimguse mtu, wala ulimi wako usimtume mwingine akamguse. Na wewe mwenye ndugu aliyeumizwa, usiwe Fabien.

Sitakudanganya kwamba utapendwa. Jumapili nikitoka kanisani huwa natembea polepole, ili kama kaka yangu ataamua kuniita... asikute nimeshafika mbali.